Mama karudishwa nyumbani na chupa ya mofini: tiba shufaa ni nini, na tunaanzia wapi?

BintiWaMbagala
Wakuu, habari za jioni. Mama ana saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya nne. Daktari kasema haiponi tena, katuelekeza tiba shufaa. Tumepewa mofini ya maji ya kutuliza maumivu, miligramu 5 kila baada ya saa nne, na vidonge vya bisacodyl vya usiku. Nyumbani tumegawanyika. Baba mdogo anasema mofini ni dawa ya kumuaga mtu, apewe akizidiwa tu. Dada anataka tutafute hospitali nyingine atundikiwe dripu. Naomba wenye ujuzi mnieleze dawa hii inatolewaje na tuangalie nini. Tupo Mbagala, kumpeleka mjini kila siku hatuwezi.

MuuguziShufaa
Pole sana mdogo wangu, mpe pole na mama.

Tiba shufaa maana yake ni kutibu kinachomtesa mgonjwa hata kama ugonjwa wenyewe hauondoki: maumivu, kichefuchefu, kidonda, kukosa usingizi, hofu, na mzigo wa ninyi mnaomuuguza. Huko Uingereza, Cicely Saunders alipofungua hospisi (nyumba ya kutunzia wagonjwa wasiopona) ya St Christopher's mwaka 1967, alisisitiza kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya moyo, ya roho na ya familia kwa pamoja. Kwa hapa kwetu sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika nyumbani, kwa hiyo ninyi ndio wauguzi wenyewe.

Sasa mofini. Baba mdogo mwambie kwa heshima kwamba hapo ndipo wagonjwa wengi wanapoteseka bure. Dozi moja hufanya kazi kama saa nne tu. Mkisubiri maumivu yarudi ndipo mumpe, dawa inakuta moto umeshawaka, na itachukua nusu saa au zaidi kuushusha. Mpeni kwa saa, hata kama hajalalamika. Ratiba inayofaa kwa nyumba nyingi ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Ile ya saa 4 usiku kwa kawaida huongezwa mara mbili ili alale hadi asubuhi. Ulizeni kliniki kama mama yumo kwenye utaratibu huo kabla hamjaifanya.

Someni lebo ya chupa, tafadhali sana. Kuna mofini yenye miligramu 1 kwa kila mililita 1, na ipo yenye miligramu 10 kwa mililita hiyo hiyo. Kwa ya kwanza, miligramu 5 ni mililita 5. Kwa ya pili ni nusu mililita. Chupa ikibadilika kutoka ya kwanza kwenda ya pili na mililita zikabaki zilezile, mmempa dozi mara kumi ya aliyoandikiwa. Pimeni kwa sirinji isiyo na sindano, si kijiko cha jikoni. Chupa ikae pasipofikiwa na watoto wala jua.

Maumivu yakichomoza katikati ya dozi, kwa kawaida anapewa dozi ya ziada sawa na ile ya saa nne, na dozi inayofuata haisogezwi. Andikeni kwenye daftari: saa, kiasi, na alivyokuwa baada ya saa moja. Dozi za ziada zikifika mbili tatu kwa siku, pelekeni daftari kliniki, dozi ya msingi ipandishwe. Kupandishwa hakumaanishi amekuwa mlevi wa dawa. Ni ugonjwa umekua.

Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia, labda na kichefuchefu. Hivyo hupita. Kufunga choo hakupiti, ndiyo maana mmepewa bisacodyl, na inaanza siku ileile ya mofini. Akimaliza siku tatu bila choo, toeni taarifa. Kuna mtego hapa: choo kigumu kikiziba, maji maji hupenya pembeni na familia inadhani ni kuhara, inampa dawa ya kufunga tumbo. Mnazidi kumziba.

MfamasiaTemeke
Naongezea jambo moja ambalo kwa saratani hii ni la lazima. Uvimbe wa mlango wa kizazi unaweza kubana mirija inayotoa mkojo kwenye figo. Figo zikichoka, mofini haitoki mwilini, inajilimbikiza kwa dozi ileile aliyokuwa akiimudu wiki iliyopita. Angalieni mkojo kupungua, misuli kurukaruka, kuweweseka, usingizi mzito usio wa kawaida. Hapo msiongeze kitu, pigeni simu kliniki, dozi itapunguzwa au saa zitatenganishwa zaidi. Akiwa haamshiki na anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, mofini isimame na mwone daktari wakati huohuo.

Pia mwulizeni maumivu yakoje. Yakiwa ya kuchoma au ya kupiga kama umeme kushuka mguuni, hayo ni ya neva (mishipa ya fahamu), na mofini peke yake haiyatoshi. Daktari huongeza amitriptyline dozi ndogo usiku. Msijichanganyie wenyewe, hasa diclofenac za maumivu za dukani, kwa sababu zinaumiza figo zilezile.

BintiWaMbagala
Asanteni, Mungu awabariki. Kuna uchafu unatoka wenye harufu kali, anaona aibu hadi anakataa wageni. Na hali chakula kabisa siku hizi. Hilo la dripu nimjibu nini dada?

MuuguziShufaa
Harufu ina dawa. Kliniki huweza kuwaandikia metronidazole. Kwa kidonda cha nje kinachoonekana, vidonge husagwa vikawa unga na kunyunyizwa juu baada ya kusafisha. Kwa kidonda cha ndani wao ndio watakaoelekeza namna, msiingize kitu kwa kukisia. Maji ya kusafishia ni yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi kisichojaa. Wekeni khanga kuukuu za rangi ya giza chini yake. Akitoka damu haimtishi yeye wala watoto. Damu ikiwa nyingi, ulizeni kuhusu mionzi ya kupunguza damu. Taasisi ya Saratani Ocean Road ina mionzi na ina kitengo cha tiba shufaa, na mionzi hiyo si ile ya kuponya.

Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, mto katikati ya magoti, shuka lisiwe na mikunjo. Ngozi ikiwa nyekundu isiyofifia ukibonyeza, kidonda kinaanza. Msisugue hapo.

Kuhusu dripu: mwili unaoelekea kufunga safari hautaki tena chakula wala maji mengi. Hali chakula kwa sababu anaondoka, si kwamba anaondoka kwa sababu hali chakula. Maji yakilazimishwa kwenye mshipa huishia miguuni na kwenye mapafu, akaanza kukoroma na kuhema. Uji vijiko viwili akitaka, basi. Kinywa kilowesheni kwa kitambaa safi kila baada ya saa moja au mbili, na midomo ipakwe mafuta. Dada anatafuta la kumfanyia mama. Mpe kazi hiyo ya kinywa.

MzeeWaMtaa
Siku zenyewe zikikaribia: miguu hupoa, mkojo huwa kidogo na mweusi, pumzi hukatika sekunde kadhaa kisha hurudi. Mkoromo wa kooni ukianza, mlazeni ubavu. Unatutisha sisi zaidi kuliko unavyomuumiza yeye. Asipoweza kumeza, pigeni simu kliniki mpewe njia nyingine ya kumpa dawa, msiikate ghafla. Endeleeni kuzungumza naye. Kama ni Mwislamu atamkiwe shahada taratibu bila kumlazimisha kuirudia. Kama ni Mkristo mwiteni padri au mchungaji angali ana fahamu, si usiku wa mwisho.

Na mapema, leo ikiwezekana, mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa wajue kuna mgonjwa anauguzwa nyumbani, na karatasi za hospitali ziwe kwenye bahasha moja. Akifariki usiku, hamtahangaika kueleza kwa ajili ya kibali cha mazishi. Kifo kisajiliwe RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, ndani ya siku 30.