Naomba ushauri: vijana wanamwita shujaa aliyemuua Dk. Kleruu

Wakuu, habari zenu, na shikamooni kwa waliotutangulia. Nafundisha historia sekondari hapa Tanga. Tulipofika kwenye vijiji vya Ujamaa nikagusia Isimani: siku ya Krismasi 1971, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, shambani kwake. Mahakama ikamhukumu kunyongwa.

Darasa liligawanyika. Wengine wanasema alitetea ardhi yake, wengine kuua ni kuua. Binti mmoja akauliza: mbona Mondlane, kiongozi wa wapigania uhuru wa Msumbiji, alipouawa kwa bomu Dar es Salaam 1969 sote tunauita unyama? Yaani tunapima tendo kwa kuangalia marehemu alikuwa upande gani. Swali zito, na anastahili jibu la maana. Mimi naamini kueleza hasira ya wakulima siyo kuihalalisha risasi, ila nashindwa kulisimamia hilo bila kuwafunga vijana midomo.

Walimu wenzangu, na hasa ninyi wa Iringa, mngeuongozaje mjadala huu? Nianze na hukumu ya mahakama au simulizi za wazee? Na ndugu wa pande zote mbili niwazingatie vipi?