Wimbo ni wangu, akaunti ni ya prodyuza: nitie sahihi mkataba huu?

BintiLangoni (Amu)

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri, na naomba kwa haraka maana nimepewa hadi Ijumaa.

Mimi ni mwimbaji, naishi Langoni hapa Amu, mjini Lamu. Naimba harusini zaidi, usiku wa wanawake, na mara mojamoja hotelini Shela msimu wa watalii. Mwaka 2023 nilikusanya pesa za harusi tatu, nikapanda basi hadi Mombasa kurekodi nyimbo mbili. Nililipa shilingi 18,000 kwa M-Pesa, kwa awamu mbili. Udi alipiga binamu yangu niliyekwenda naye, ngoma na kinanda akapanga prodyuza. Akasema atazipandisha mtandaoni kwa akaunti yake nisije nikahangaika, nami nikamshukuru. Hatukuandikiana lolote.

Mwezi uliopita nimepanda boti kutoka Mokowe. Kijana wa boti alikuwa ametia simu yake ndani ya mfuko wa plastiki, akaifunga kwa kamba kwenye mti wa turubali, ukatoka wimbo wangu. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akaitikia kiitikio chote, wala hanijui. Nilitokwa na machozi. Kufika nyumbani nikautafuta: jina langu la uimbaji limo, lakini mtunzi ameandikwa prodyuza, na mwenye rekodi ni yeye. TikTok watu wanautia kwenye video za maharusi, kila nikifungua nakutana na mpya.

Nikampigia. Hakunijibu vibaya, nasema haki yake. Anasema kilichoingia ni kidogo na amekitumia kwenye matangazo, sasa anataka tufanye kazi rasmi. Ameniletea mkataba: miaka 5, kila wimbo nitakaotoa, yeye 60 mimi 40 "baada ya kuondoa gharama", na nikitia sahihi napewa shilingi 50,000. Pesa hiyo kwangu ni harusi nyingi, na kinanda chetu kina vitufe vinne havilii.

Nitie sahihi?

PwaniRaha

Tia sahihi dada. Wasanii wangapi wa Pwani wamepata mtu wa kuwapa elfu hamsini mkononi? Yeye ndiye aliyeufikisha wimbo hadi kwenye hiyo boti. Ukikaa na haki zako Langoni bila mtu wa kukusukuma, haki hazipikwi.

FundiMaweni (Malindi)

Dadangu, Ijumaa ipite. Mimi nina studio ndogo huku Malindi, kwa hivyo nakueleza mambo ya jikoni.

Wimbo mmoja uliorekodiwa una mali mbili. Ya kwanza ni utunzi: maneno na mahadhi yake. Ya pili ni rekodi yenyewe, ile tunayoiita masta. Kila moja ina mwenyewe na kila moja huleta pesa yake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamtambua mwenye rekodi kuwa ni yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Nani alilipa studio? Nani alimleta mpiga udi kutoka Amu? Zile meseji mbili za M-Pesa usizifute, zipige picha leo, uzitume kwa barua pepe yako mwenyewe.

Tena, haki ya utunzi au ya rekodi haihami kwa mdomo. Inahama kwa maandishi yenye sahihi ya anayeitoa. Wewe hujatia sahihi popote, kwa hivyo alichoshika prodyuza ni akaunti tu. Ukitia sahihi Ijumaa, ndipo utakapompa kile ambacho sasa hana.

Nimtetee kidogo mwenzangu: kama ngoma na kinanda alivitunga yeye, ana fungu katika muziki huo, na umpe. Lakini maneno na mahadhi ya kuimba hakutunga yeye.

PwaniRaha, hizo elfu hamsini usizihesabu kuwa zawadi. Dada, soma vizuri, uone kama hazikatwi kwenye ile 40 yako. Mikataba mingi niliyoiona, pesa ya kutia sahihi ni malipo ya awali, unayarudisha kwanza kwa nyimbo zako ndipo uanze kula. Halafu hilo neno "gharama". Gharama zipi? Nani anaziandika? Zina kikomo? Nimemwona kijana wa hapa Malindi akiletewa hesabu yenye mafuta ya gari, chakula cha wapiga picha, hata simu mpya ya meneja. Asilimia 40 ya kilichobaki baada ya hayo ni karatasi. Na "kila wimbo nitakaotoa" kwa miaka 5 maana yake hata wimbo wa harusi ya dadako umo.

MzeeUdi

Binti yangu, mimi nilirekodi kanda mwaka 1987. Nililipwa mara moja, nikanunua baiskeli. Kanda ile imeuzwa hadi Unguja na Maskati, nami sikuona tena senti. Siku zile mwenye duka ndiye mwenye mashine ya kudurufu kanda, humpitii pembeni. Marehemu Zein l'Abdin, mwana wa hapa hapa Lamu, sauti na udi wake vilisafiri dunia kwa kanda hizo, na sisi vijana tulidhani kusikika ndiko kulipwa. Leo mashine iko mkononi mwako, mwanangu. Baiskeli yangu iliota kutu zamani.

KadzoKilifi

Niongeze upande wa pesa, maana watu hutiwa matumaini makubwa au hukatishwa tamaa kabisa.

Spotify haina bei ya kila usikilizaji. Inakusanya mapato, karibu thuluthi mbili inakwenda kwa wenye haki, na kila mmoja anapata kwa kadiri ya fungu lake la usikilizaji wote. Tangu mwaka 2024, wimbo usiofika usikilizaji 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu kwenye rekodi. YouTube, ili ugawiwe pesa za matangazo kwenye chaneli yako kwa kawaida unahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka. Kwa msanii wa Amu hizo hazitalipa kodi ya nyumba mwezi huu. Harusi bado zitakulipa zaidi, na usizidharau.

Skiza nayo uiangalie, ile miito ya nyimbo ya Safaricom anayoisikia mtu akikupigia simu. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, mwenye wimbo hupata si chini ya asilimia 52 ya mapato ya miito hiyo. Wimbo wa harusi ndio hasa watu hupenda kuuweka. Muulize prodyuza kama ameuingiza huko, na kwa jina la nani.

Halafu kuna mrabaha wa redio, hoteli na matatu, yaani pesa wanazolipa kwa kupiga nyimbo zenu, nazo hukusanywa na vyama. Kwa miaka mingi MCSK imekuwa ya watunzi, PRISK ya wanaoimba na kupiga ala, KAMP ya wenye rekodi. Leseni za vyama hivi hutolewa kwa mwaka mmoja mmoja, kwa hivyo kabla hujajiunga uliza KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, nani anayo mwaka huu. Nyimbo zako zisajili huko KECOBO pia. Haki yako haingoji usajili, lakini siku ya ugomvi cheti kinasaidia.

ShangaziMkomani

Mwanangu BintiLangoni, nimeusikiliza, sauti yako Mungu akuhifadhie. Nakuuliza jambo moja kwa mapenzi. Maneno ya kiitikio ni yako? Mimi niliyasikia nikiwa msichana, kwenye harusi ya jirani yetu.

BintiLangoni (Amu)

Shangazi, umenigusa. Kiitikio na beti ya tatu ni vya bibi mzaa mama. Alivitunga mwenyewe mama yangu alipoolewa. Yu hai, hapa nyumbani. Sikuandika jina lake popote, wala prodyuza sikumwambia.

FundiMaweni (Malindi)

Basi bibi ni mtunzi mwenzako. Ungekuwa wimbo wa kale usio na mtu, tungezungumza mengine, kuna hata sheria ya mwaka 2016 ya kulinda sanaa za jadi. Lakini huyu ana jina na yuko nyumbani. Haki ya utunzi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hivyo hili ni jambo la wajukuu zako pia. Mkalishe, mrekodi kwa simu akiimba, aseme jina lake na aliutunga lini. Wimbo uliotungwa kichwani hulindwa ukishaandikwa au kurekodiwa.

Kwa prodyuza, mwandikie kwa adabu, kwa maandishi si kwa simu. Aondoe wimbo au abadili jina la mtunzi na la mwenye rekodi, akupe faili ya rekodi, faili za kila ala, na namba ya ISRC, ile inayoitambulisha rekodi mtandaoni. Ukiupandisha tena kwa akaunti yako kwa namba ileile, na jina la wimbo na la mwimbaji yaleyale, kwa kawaida hesabu ya wasikilizaji haianzi upya. Fungu lake la muziki mwandikie hapohapo, usilisahau.

BintiLangoni (Amu)

Nawashukuru sana. Ijumaa imepita, sikutia sahihi. Prodyuza amekubali kuandika jina langu lakini rekodi anasema haachii, kwa hivyo meseji za M-Pesa ninazo na nitaanza na KECOBO.

Jana baada ya alasiri nilikaa na bibi ukumbini nikamrekodi. Akanisimamisha beti ya tatu. Miaka yote naimba "nimetia nanga". Anasema hakutunga hivyo, alitunga "nimetua tanga", kwa sababu mama alikuwa anaolewa Faza na alikuwa hajafika. Mwenye kutua tanga bado yuko juu ya maji. Ameuimba mara mbili ili niushike.

Nataka niurekodi upya kwa maneno yake, na ngoma zetu wenyewe. Fundi, nikija Malindi wiki ijayo unatoza kiasi gani? Na karatasi ya mafungu naandika mimi au wewe?

FundiMaweni (Malindi)

Bei nitakutumia faraghani. Karatasi tunaandika pamoja kabla sijawasha mashine: wewe, bibi, mpiga udi, nami kama nitatia chochote. Bibi akiweza safari ya basi mlete. Akishindwa, njoo na ile sauti ya kwenye simu, tutaiweka mwanzo.