Wakuu, "windfall" inatumikaje? Imeniaibisha kwa mteja

Mleta mada:
Wakuu, habari za muda huu. Kuna neno moja la Kiingereza linanisumbua, naombeni msaada kabla sijaharibu tena.

Mteja mmoja alinizungusha miezi mitatu bila kunilipa kazi niliyomfanyia. Siku hela ilipoingia nilifurahi kweli, nikataka kumshukuru kwa Kiingereza kilichonyooka. Neno "windfall" nilikuwa nimelikuta sehemu kadhaa, na kila likitajwa kuna mtu kapata fedha, nikajua ni malipo makubwa tu. Nikaandika: "Thank you for the windfall." Akanijibu mstari mmoja: "It wasn't a windfall. It was your invoice", yaani ni ankara yangu tu ya kazi.

Nimeusoma mara kumi, sijui ananitania au kakasirika. Kamusi yangu inasema ni tunda lililoangushwa na upepo, halafu maana ya pili imeandikwa "bahati", basi. Sasa tunda, upepo na hela yangu vinakutana wapi? Nipeni sentensi za kawaida, zile watu wanazosema kila siku.

Kalamu Nyeusi:
Pole mkuu, ila nimecheka. Umemshukuru mdeni wako kana kwamba hela uliiokota. Yeye labda kadhani unampiga kijembe kwa kuchelewa: "kumbe ulikuwa hutarajii kunilipa kabisa!"

Anza na picha. Upepo umevuma usiku kucha, asubuhi unakuta matunda yametapakaa chini ya mti. Hukupanda, hukurusha jiwe, hukutikisa tawi. Neno lilianzia hapo katika karne ya 15, likitajwa kwa matunda na hata miti iliyoangushwa na upepo. Karne iliyofuata watu wakalihamishia kwenye mali. Ile maana ya kwanza haijafa: mtu akisema "I made jam from windfalls", anazungumzia matunda aliyookota chini, yale yenye michubuko.

Kwa hiyo jiulize: mti niliutikisa mimi? Kama jibu ni ndiyo, neno hilo liache. Mshahara haumo. Malipo ya kazi yako hayamo. Mkopo haumo, huo una mwenyewe. Ila serikali ikikurudishia kodi uliyokatwa zaidi na wewe ulishasahau, sema tu "The tax refund was a nice little windfall." Ukishinda bahati nasibu, au ukiachiwa urithi na ndugu ambaye hukuwahi hata kumwona, hapo ndipo kwake.

Bi Nukta:
Niongezee hapo. Kiswahili kina picha ya jirani kabisa: kuokota dodo chini ya mwarobaini. Wengine husema chini ya mnazi. Lakini angalieni tofauti, mimi hunifurahisha sana. Tunda la Kiingereza limeanguka kutoka mti wake, kinachosisitizwa ni kwamba hukutoka jasho. Dodo letu limekutwa chini ya mti usiozaa maembe kabisa! Sisi tunasisitiza mshangao: limefikaje pale?

Ndiyo maana nikitafsiri sitii dodo kila mahali. Kwenye hadithi, mtu kapata fedha asizozitarajia, dodo linakaa vizuri. Kwenye ripoti ya fedha nitaandika "mapato yasiyotarajiwa" na maisha yanaendelea. "Ngekewa" nayo ni nzuri, ila ni bahati yenyewe, siyo kile kilichookotwa. Huwezi kusema fulani kaitumia ngekewa yake yote kwa wiki moja. Kwa Kiingereza unasema bila shida: "He spent his windfall in a week."

Nasubiri Upepo:
Mimi nimekaa chini ya mti tangu mwaka juzi, hata jani halijanidondokea. Endeleeni.

Mhasibu Mstaafu:
Kipimo cha Kalamu Nyeusi ni kizuri, ila kuna mahali kinagombaniwa, nako ni kwenye kodi. Mwaka 1980 Marekani ilitunga sheria ya kodi ya mafuta yasiyosafishwa iliyobeba neno hilo kwenye jina lake, "windfall profit". Jambo la kuchekesha ni kwamba haikutozwa kwenye faida, ilitozwa kwenye tofauti kati ya bei ya kuuzia pipa na bei ya msingi iliyowekwa na sheria. Ikafutwa mwaka 1988. Uingereza nayo mwaka 1997 iliyatoza mara moja mashirika ya umma yaliyokuwa yamebinafsishwa. Mei 2022 ikaja na tozo ya asilimia 25 kwa kampuni za mafuta na gesi, ikapanda hadi 35 Januari 2023. Jina rasmi la hii ya mwisho halina upepo wala tunda, lakini watu wote wanaiita "windfall tax".

Hoja ya serikali ni hiyohiyo ya mti: bei ilipandishwa na vita, nyinyi mmeokota tu. Kampuni zinajibu kwamba visima zilichimba zenyewe. Ukiliweka neno hilo mbele ya "tax" au "profits", ujue umeshachagua upande.

Mleta mada:
Mnanifungua macho. Naomba mnisahihishie hizi:
1. "I received windfall from my uncle."
2. "The rain was a windfall for umbrella sellers."
3. "We had a windfall of problems this week."

Kalamu Nyeusi:
Ya kwanza imekosa "a". Neno hili linahesabika: "a windfall", "two windfalls". Kutumia "from" kuonyesha ilikotoka ni sahihi.

Ya pili ni safi, sikutegemea. Wauza miavuli walijipanga na mzigo wao, lakini mvua hawakuileta wao.

Ya tatu hapana. Hakuna anayeinama kuokota matatizo akishangilia. Ukilisema hivyo msikilizaji atajua unakejeli.

Mjukuu wa Sita:
Samahani kuingilia. Nilimuuguza babu miaka sita, kumgeuza kitandani, kumlisha kwa kijiko, nakuwa macho akikohoa. Alipofariki akaniachia kiwanja. Karani aliyenishughulikia karatasi akaniambia "what a windfall!" Niliumia na sikujua kwa nini. Leo nimejua.

Bi Nukta:
Pole sana, ndugu yangu. Karani aliona kiwanja tu, ile miaka sita hakuiona. Kikamusi huenda hakukosea, maana hukumuuguza babu kwa sababu ya kiwanja. Lakini mimi nisingelitamka mbele yako.

Mleta mada:
Nimemwandikia mteja tena: "Thank you for settling the invoice." Kajibu na alama ya kucheka, kumbe hakukasirika. Swali la mwisho, na "shortfall" je? Hilo nalo linaanguka mtini?

Mhasibu Mstaafu:
Hapana. Hilo ni pengo, fedha kupungua kuliko zinazohitajika. Miezi mitatu ambayo mteja hakukulipa, hesabu zako zilikuwa na hilo.