Gia boksi na usukani: kipi nifanye nyumbani, kipi nimpe fundi?

GiaYaPili:
Wakuu, habari zenu. Gari langu ni la gia za mkono, linavutwa na matairi ya mbele. Lina magonjwa mawili kwa mpigo. Gia ya pili inakwaruza nikishuka kutoka ya tatu, na asubuhi injini ikiwa baridi ndiyo balaa. Halafu usukani unacheza. Barabara ikiwa mbovu nasikia kugonga upande wa kushoto, na buti la mpira la raki (mhimili wa meno unaosukuma matairi usukani ukizungushwa) upande huohuo limelowa oili.

Ninayo gereji ya nyumbani yenye sakafu ya zege, jeki, stendi mbili na seti ya boksi spana. Mpango wangu ni huu: usukani nifanye mwenyewe, niifungue raki nibadilishe sili, maana naona ni vyuma vya nje tu. Gia boksi nimpe fundi, au nitafute ya mtumba nimfungishe. Mnaonaje?

MamaSpana:
Mkuu, hapo kwenye raki umenishtua. Sili za raki si kazi ya nyumbani. Ule mhimili wa ndani ukiwa na vishimo vya kutu au mikwaruzo, sili mpya zitakatwa upya baada ya muda mfupi. Kwenye valvu ya raki kuna pete ngumu za plastiki zinazotaka kifaa maalumu cha kuziingiza, na bila kifaa zinachanika kabla hujamaliza. Ukishafunga, huna namna ya kuipima kwa presha hapo nyumbani. Utaipima barabarani.

Kuna na ile skrubu ya kurekebishia raki. Watu wanaikaza ili usukani uache kucheza, kisha ukikata kona usukani haurudi wenyewe katikati. Hiyo skrubu usiiguse kabisa.

Tairodi endi na raki endi (viungo vya nje na vya ndani vya mkono unaounganisha raki na tairi) ni habari nyingine. Hizo fanya mwenyewe bila wasiwasi.

Raki_Moja:
Naungana na dada hapo juu, ila kabla ya kununua chochote pima kwanza. Inua upande wa kushoto, weka stendi, shika tairi kushoto na kulia ulitikise. Likicheza, shida iko kwenye tairodi endi au raki endi. Shika tena juu na chini. Likicheza hivyo, angalia boljointi (kiungo cha duara kinachoshikilia tairi) au beringi ya tairi. Mwambie mtu atikise huku wewe umeshika buti la raki kwa kiganja. Raki endi iliyokwisha utaisikia inagonga ndani ya mpira.

Kuhusu oili kwenye buti, hiyo ni sili ya ndani ya raki, hakuna mjadala. Mimi ningechukua raki iliyofanyiwa ukarabati na kupimwa, nikaifunga mwenyewe. Ya mtumba ina mtego wake. Raki huisha zaidi pale katikati, ambako hukaa muda wote gari likienda moja kwa moja. Kwa hiyo ukiizungusha mkononi hadi mwisho inaweza kukupa picha ya uzima kumbe katikati imelegea.

Zege_Baridi:
Mimi napingana kidogo na wote. Kwa nini gia boksi imekatwa moja kwa moja kwa fundi? Hata haijajulikana inaumwa nini.

Washa injini, iache saileni (ingurume bila kukanyaga mafuta), kanyaga klachi hadi chini, subiri sekunde chache, ingiza rivasi taratibu. Magari mengi rivasi haina sinkro (pete inayolinganisha mwendo wa gia kabla ya kuingia), kwa hiyo ikikwaruza ujue klachi haiachii vizuri: hewa kwenye mfumo, silinda ya klachi imechoka, au kebo imelegea. Hapo hushushi gia boksi kabla ya kumaliza hayo. Rivasi ikiingia kimya na ya pili pekee ndiyo inakwaruza, hiyo ni sinkro ya gia ya pili.

Angalia pia ni oili gani iliwekwa humo. Gia boksi nyingi za mkono zinataka oili ya daraja la GL-4. Mtu akimwaga GL-5 ya difu (gia zinazogawa nguvu kwa matairi), utelezi wake unafanya pete ya sinkro ishindwe kushika, na viambato vyake vinaweza kula shaba ya pete hizo. Unapobadilisha, fungua kwanza nati ya kujazia, ndipo ufungue ya kumwagia. Ukimwaga halafu ya kujazia ikagoma kufunguka, gari haliondoki hapo.

GiaYaPili:
Nimerudi wakuu. Rivasi inaingia kimya. Tairi la kushoto linacheza likishikwa kushoto na kulia, juu na chini limetulia. Nimemwaga oili ya gia, kwenye sumaku ya nati kuna uji wa kijivu na chembe kadhaa za rangi ya dhahabu.

Zege_Baridi:
Uji wa kijivu ni kawaida. Chembe za dhahabu ni pete ya sinkro inaliwa. Vipande vya chuma vyenye ncha ndivyo vingekuwa meno ya gia, na hapo ningekwambia usiendeshe tena. Weka oili sahihi uendelee, na ukishuka gia ya pili usilazimishe, ipe nafasi. Inaweza kukuvumilia muda mrefu.

Ikifika siku ya kushusha, kushusha unaweza. Kufungua ndiko kunakotenganisha watu: presi, pula (kifaa cha kung'olea), sekilipu (pete za chuma za kubania) ambazo zikiruka huzioni tena, na nafasi ya pete ya sinkro inayopimwa kwa fila geji (vibati vya kupimia nafasi). Ukibadilisha beringi za difu, kuna shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi) za kupima upya.

MamaSpana:
Na kushusha pia tusikufanye kuonekane kwepesi jamani. Gia boksi ya gari dogo inafika kilo 30 hadi 50, nawe uko chali chini yake. Injini inabaki bila mshiko upande mmoja, kwa hiyo lazima ishikwe kwa juu au iegemezwe kutoka chini. Wakati wa kurudisha usiiache ining'inie kwenye shafti, inapinda pleti ya klachi. Isipokaa, usiivute kwa bolti. Klachi haijawekwa katikati, na mdomo wa gia boksi utapasuka.

Ukipata ya mtumba, hakikisha namba ya kibati inafanana, maana nje zinaweza kufanana huku uwiano wa difu ukiwa tofauti. Sili za shafti badilisha ikiwa bado iko mezani.

Raki_Moja:
Turudi kwenye usukani, maana ndio wa kuanza nao. Kabla ya kulegeza tairodi endi, piga alama ya rangi kwenye nyuzi na uhesabu mizunguko unapoitoa. Tumia pula kuiachanisha. Ile uma ya kugonga inachana mpira, na kama sehemu unataka kuirudisha umeshaiharibu. Nati yake ikishafika toki (nguvu ya kukaza) ya kwenye kitabu na tundu la spliti pini halijakaa sawa, endelea kukaza hadi tundu lifuate. Usilegeze. Spliti pini iwe mpya. Ukimaliza, nenda kapime alaimenti (mwelekeo wa matairi), ile alama ya rangi ni ya kukufikisha huko tu.

Bisibisi_Nyota:
Samahani kuingilia. Langu ni usukani wa umeme, hauna oili. Kubadilisha raki ni hivyohivyo?

Raki_Moja:
Sehemu kubwa, ndiyo, ila toa waya wa betri kwanza, na mara nyingi mashine ya kompyuta inahitajika kusawazisha sensa ya pembe ya usukani baadaye. Kwenu wote wawili: ukitenganisha raki na shafti ya usukani, funga usukani kwa mkanda wa kiti usizunguke. Ukizunguka kupita kiasi unakata ule utepe wa umeme wa eabegi ulio nyuma yake.

GiaYaPili:
Basi tairodi endi na raki endi wikiendi hii, raki nitatafuta iliyopimwa. Kutoa hewa kwenye oili ya usukani nifanyeje?

MamaSpana:
Inua matairi yote mawili ya mbele, gari likae kwenye stendi, si kwenye jeki. Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho huku mtu anaongeza oili, hadi mapovu yakome kwenye kopo. Ndipo uwashe urudie. Ukifika mwisho usiushikilie, pampu inalia na oili inachemka.