Nyonyo, mbono kaburi (jatropha) au alizeti kwa dizeli ya mimea? Naomba ushauri wa haraka

Mkamuaji: Habari wakuu. Nimelinganisha mbegu tatu. Nyonyo imetoa mafuta karibu nusu ya uzito wake, alizeti chini kidogo, mbono kama theluthi. Basi nyonyo imeshinda, au? Usingizi sipati.

Mama Mashudu: Mbono usinitajie! Tuliambiwa haudai maji wala mbolea. Kweli haukufa, ila na kuzaa haukuzaa. Miaka minne nangoja, na mashudu yake ni sumu. Ya alizeti angalau ng'ombe anakula.

Fundi Pampu: Kaulizwa mafuta, kajibu ng'ombe 😂. Mkuu, wingi si hoja. Nyonyo ni nzito mno, karibu 90% ni asidi ya risinoleiki, ndiyo inayoifanya nzito hivyo. Hata ukiipika na methanoli iwe dizeli ya mimea, mnato, yaani ugumu wa kutiririka, unabaki juu ya 10 mm²/s, na kiwango cha Ulaya cha dizeli hiyo, EN 14214, kinataka 3.5 hadi 5. Alizeti ya kawaida nayo huchacha upesi. Tafuta aina yenye asidi ya oleiki nyingi, hiyo haichachi upesi. Ila haraka ya nini?

Mkamuaji: Haraka ya kawaida tu.

Fundi Pampu: Umeyatia wapi?

Mkamuaji: Kwenye trekta. Lita 5 tu, na niliyachuja kwa kitambaa mara mbili! Mbona injini ya Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga Paris mwaka 1900? Sioni kosa langu.

Mzee Kijiwe: Karanga si nyonyo, kijana. Sisi tulinyweshwa nyonyo tusafishe tumbo. Trekta lako linaharisha. Vijana hamna subira.

Sidanganyiki: Chai hii. Nyonyo mbichi, na trekta liwake? Picha iko wapi?

Mama Mashudu: Chai, tena ya rangi.

Mkamuaji: Nilichanganya na dizeli! Likaenda tuta moja na nusu, likatoa moshi mweupe, likakohoa, likazimika. Filta nimeifungua, imejaa ute kama makamasi. Chai iko wapi hapo?

Fundi Pampu: Sidanganyiki, hapo hadanganyi. Nyonyo na dizeli havielewani. Vikitulia nyonyo inazama, na bomba linanyonya chini ya tanki. Mkuu, mwaga yote, badili filta, usipige stata tena.

Mzee Kijiwe: Trekta la nani?

Mkamuaji: La shemeji. Ndiyo kwanza karudi, anaulizia ufunguo. Kwa hiyo wakuu, alizeti?