Mahindi yaliyoota ukungu: je, yakioshwa na kuanikwa yanafaa kuliwa?

Muulizaji (Chemba, Dodoma):
Ndugu zangu, nina magunia manne ya mahindi niliyoyaweka ghalani kabla hayajakauka vizuri. Juzi nilipofungua gunia la chini, lililoegemea ukuta unaovuja, nilikuta punje zimeshikamana mabonge, na kwenye kiini kuna vumbi la kijani linalobaki kidoleni. Mama mkwe anasema tuyaoshe, tuyaanike, kisha tuyakoboe. Nina watoto watatu wadogo, nami nasita kuwapikia. Naombeni ushauri.

Bwana Shamba:
Dada, umefanya vyema kusita. Ukungu unaonekana, lakini sumukuvu inayotokana nao haionekani, na kwa kuwa imekwisha kuingia ndani ya punje, maji na jua haviitoi. Jua hukausha mahindi ili ukungu usiendelee kukua, basi. Wala usitegemee moto, kwani sumu hiyo hustahimili joto la maji yanayochemka, hivyo hata ugali ulioiva barabara hubaki nayo. Mwaka 2016, hapa hapa Dodoma na jirani zetu Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hii na 20 kati yao walifariki. Gunia hilo lifukie lote. Tafadhali usiwape kuku, wala ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Mama wa Kihenge:
Nakubaliana naye. Hayo magunia matatu yaliyobaki, yamwage juu ya turubai mchana kweupe, uchague kwa mkono punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, kwa sababu mara nyingi sumu hurundikana kwenye punje chache. Kukoboa nako hupunguza, kwa kuwa ganda na kiini huondoka, ila pumba zake zisiende kwa mifugo. Hata hivyo, kupunguza si kumaliza: kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 kwa kilo, na jicho haliwezi kukipima. Mimi nisingewalisha watoto kabla sampuli haijapimwa.

Mavuno yajayo, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, utikise, usubiri robo saa. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani.

Muulizaji:
Asanteni sana. Gunia la chini tumelifukia jana jioni, na mama mkwe mwenyewe ndiye aliyeshika jembe. Mengine tumeanza kuyachagua, na sampuli nitaipeleka Jumatatu kwa afisa ugani aniambie pa kuipimia. Kwa sasa watoto wanakula ugali wa uwele.