Kipimo kinasoma 2 V/m mbele ya gari linalojiendesha: hiyo ni rada kweli?

mwanafizikia_mwaka4:

Habari zenu wakuu. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho unahusu mnururisho wa rada za magari yanayojiendesha. Nataka kujua mtembea kwa miguu anapokea kiasi gani akisimama karibu na gari, hasa mtoto ambaye kichwa chake kiko usawa wa bampa. Kipimo nilichonacho ni cha mkononi, na maelezo yake yanasema kinafanya kazi kuanzia 50 MHz hadi 3.5 GHz. Nusu mita mbele ya bampa, gari likiwa limewashwa, kinasoma hadi 2 V/m (volti kwa mita, yaani nguvu ya uga wa umeme). Kwenye mita 3 kinashuka mpaka 0.3 hivi.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Naweza kuandika kwamba 2 V/m ndiyo rada? Kikomo cha usalama ni kipi hasa, maana nimekuta 10 W/m² (wati kwa mita ya mraba), nikakuta 61 V/m, nikakuta tena 25 W/m²? Na gari lenye rada sita, nazidisha matokeo mara sita?

antena_pembe:

Hapana, mdogo wangu, usiandike hivyo. Rada za magari ya sasa zinafanya kazi kati ya 76 na 81 GHz. Za zamani, hasa za kuangalia pembeni, zilikuwa 24 GHz. Kipimo chako kinaishia 3.5 GHz, kwa hiyo rada ya 77 GHz iko nje kabisa ya uwezo wake. Ukikiweka mbele ya rada inayofanya kazi katika chumba kisicho na mawimbi mengine, hakitakupa namba yoyote ya kuaminika.

Ulichopima huenda kinatoka kwenye gari, ila si kwenye rada. Angalia namba zako: umbali umeongezeka mara sita, kutoka nusu mita hadi mita 3, na usomaji umepungua karibu mara sita, kutoka 2 hadi 0.3. Hiyo ndiyo tabia ya chanzo kimoja kidogo, kwa sababu nguvu ya uga hupungua sawasawa na umbali unavyoongezeka. Ndiyo maana inadanganya kirahisi. Chanzo kinachowezekana zaidi ni modemu ya simu iliyo ndani ya gari, Wi-Fi yake, Bluetooth, au simu iliyo mfukoni mwako mwenyewe. Magari haya huwasiliana na seva karibu muda wote.

Ukitaka kuhakikisha, zima simu yako kabisa. Pima mahali palepale gari likiwa limezimwa, kisha likiwa limewashwa, kila mara kwa dakika 6, na uandike wastani badala ya kilele. Kama kipimo kinarukaruka, basi unaona pakiti za data. Matokeo hayo si ya kutupa: yaweke kwenye sura yake, "mawimbi ya mawasiliano ya gari". 2 V/m ni sawa na 4 gawanya kwa 377, yaani takriban 0.011 W/m².

Halafu neno lenyewe. Kwa Kiswahili "mionzi" hubeba eksirei, mionzi ya hospitali na mawimbi ya redio kwa pamoja, na msomaji wa ripoti yako atashtuka kabla hajafika ukurasa wa pili. Sema mapema kwamba huu ni mnururisho usioioniza. Fotoni ya 77 GHz ina nishati ya takriban 0.0003 eV, wakati kung'oa elektroni kwenye molekuli za mwili kunahitaji zaidi ya 10 eV. Athari inayojulikana na inayowekewa kikomo ni joto, na kwa masafa haya joto hilo huishia kwenye ngozi na uso wa jicho: sehemu kubwa ya nguvu hufyonzwa ndani ya chini ya nusu milimita.

mhandisi_vikomo:

Kuhusu vikomo, namba zako zote tatu ni sahihi. Zinajibu maswali tofauti tu.

Mwongozo wa 2020 wa ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mnururisho usioioniza, unaweka 10 W/m² kwa umma, kwa mwili mzima, wastani wa dakika 30. 61 V/m ni 10 hiyohiyo ikiandikwa kama nguvu ya uga: kipeuo cha pili cha 10 × 377. Namba ya 25 ni kikomo cha sehemu ndogo ya mwili, wastani wa dakika 6 juu ya eneo la sentimita 4 za mraba. Hutoka kwenye fomula 55 ÷ f^0.177, ambapo f ni masafa kwa GHz. Weka 77 upate takriban 25.5 W/m². Kwa wafanyakazi waliofunzwa, vikomo vyote viwili huzidishwa mara tano.

Kwa mtoto aliye karibu na bampa, kikomo cha sehemu ndogo ya mwili ndicho chenye maana zaidi, kwa sababu boriti ya rada karibu na chanzo haifuniki mwili mzima. Onyesha vyote viwili, na kila namba iandikwe pamoja na muda wake wa wastani na eneo lake. Ripoti nyingi za wanafunzi huanguka hapo: zinalinganisha kilele cha mikrosekunde chache na kikomo cha wastani wa dakika 30.

Utakutana pia na hoja kwamba IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, iliyaweka mawimbi ya redio kundi la 2B ("huenda husababisha saratani") mwaka 2011. Ni kweli. Lakini kundi hilo linaeleza uzito wa ushahidi uliopo kuhusu mawimbi ya redio kwa jumla, halisemi dozi ipi ni hatari. Usilitumie kama kikomo.

hesabu_kwanza:

Kabla ya kutafuta vifaa, piga hesabu. Fomula ni S = EIRP ÷ (4πr²), ambapo S ni W/m² na r ni umbali. EIRP ni nguvu ya kutuma ikijumlishwa, kwa desibeli, na ukuzaji wa antena, kisha igeuze kuwa wati.

Chipu ya kawaida ya rada ya gari hutuma takriban 12 dBm (desibeli juu ya miliwati 1) kwa kila njia, yaani miliwati 16. Rada ya kuona mbali yenye antena ya 23 dBi (ukuzaji wake kwa desibeli) inafika 35 dBm, ambayo ni wati 3.16. Kwa mita 1 unapata 0.25 W/m², mara 40 chini ya 10. Kwa mita 3 ni 0.028. Rada ya pembeni yenye antena pana ya 13 dBi ina 25 dBm, na kwa mita 1 inatoa 0.025 W/m² tu.

Hizo ni za wakati rada inatuma. Rada hizi hutuma mifagio ya masafa (mawimbi ambayo masafa yake hupanda haraka) kwa mafungu, kisha hunyamaza zikichakata. Mfano: mifagio 128 ya mikrosekunde 60 kila moja ni milisekunde 7.7, ndani ya mzunguko wa milisekunde 50. Hiyo ni asilimia 15 ya muda, na wastani unashuka kwa kiwango hichohicho.

Weka pia hali mbaya kuliko zote inayoruhusiwa kisheria. Marekani, FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, inaruhusu EIRP ya wastani hadi 50 dBm kwenye 76–81 GHz, yaani wati 100. Kwa mita 1 hiyo ni karibu 8 W/m². Iandike bila kuificha, ukieleza kwamba ni dari ya sheria, na rada ulizozipigia hesabu ziko chini yake kwa desibeli 15 au zaidi.

Sasa mtego. Fomula hiyo ni ya uga wa mbali, ambao huanza kwenye 2D² ÷ λ, ambapo D ni upana wa antena na λ ni urefu wa wimbi. Urefu wa wimbi ni milimita 3.9, hivyo antena ya upana wa sentimita 6 inahitaji karibu mita 1.85. Ndani ya hapo fomula inaweza kukupa namba kubwa mno kuliko uhalisia. Kwenye uso wa antena tumia 4P ÷ A (P ni nguvu ya kutuma, A ni eneo la antena) kama kikomo cha juu: miliwati 16 kwenye antena ya sentimita 6 kwa 3 ni takriban 36 W/m². Inatisha ukilinganisha na 25.5, lakini hapo rada inatuma bila kupumzika na ngozi imegusa antena. Ukizidisha kwa asilimia 15 ya muda unapata takriban 5, na bado hujaondoa kinachopotea kwenye bampa.

Swali la rada sita: usizidishe. Rada sita zimeelekezwa pande sita. Waymo, kampuni ya magari yanayojiendesha, kwa mfano, ilitangaza mwaka 2024 mfumo wa kizazi cha sita wenye rada 6, lida (vihisi vya leza) 4 na kamera 13, na zimepangwa ili zione pande zote. Mtu aliyesimama sehemu moja huangukia kwenye boriti moja, au mbili pale zinapopishana kwenye kona. Jumlisha mbili hizo, basi. Kwa makutano yenye magari kumi, kila moja mita 10 kutoka kwa mtu na yote yakimwelekea kwa 35 dBm, jumla ni 0.025 W/m².

antena_pembe:

Naongeza kitu kimoja: thibitisha gari lako lina rada kabla ya kuliandikia sura nzima. Tesla iliacha kuweka rada kwenye Model 3 na Model Y za soko la Amerika Kaskazini mwaka 2021, ikategemea kamera. Na lida si rada. Ni leza, kwa kawaida ya nanomita 905 au 1550, yenye viwango vyake vya usalama wa macho. Usipige picha lida ya 1550 kwa karibu, imewahi kuharibu sensa za kamera.

mwanafizikia_mwaka4:

Asanteni sana, nimeelewa kosa langu. Maabara yetu ina bodi ya majaribio ya rada, AWR1843, na naweza kuazima antena ya pembe ya 20 dBi yenye mwongozo wa mawimbi (bomba la chuma la kupitishia mawimbi) wa saizi ya WR-12. Nikiwa na hizo nipime vipi? Nitumie kichanganuzi cha spektra chenye miksa ya nje (kifaa cha kushusha masafa ili kichanganuzi kiweze kuyasoma)?

mhandisi_vikomo:

Bodi hiyo ni njia nzuri kuliko gari, kwa sababu unajua inatuma nini. WR-12 inashika 60–90 GHz, inafaa.

Kichanganuzi chenye miksa ya harmoniki kitumie kuonyesha masafa tu. Kina matatizo mawili. Miksa huleta taswira za uongo za mawimbi, kwa hiyo washa kitambuzi cha mawimbi halisi. La pili ni kubwa zaidi: mfagio wa GHz 1 kwa mikrosekunde 40 hupita kwenye kichujio cha 1 MHz kwa haraka kuliko kichujio kinavyoweza kuitikia, na kilele unachosoma kinakuwa takriban desibeli 10 chini ya halisi. Atakayeamini namba hiyo ataandika kwamba rada ni dhaifu mara kumi.

Kwa nguvu, tumia sensa ya nguvu ya WR-12 moja kwa moja nyuma ya antena. Panga hivi: chipu 12 dBm, antena ya bodi takriban 10 dBi, jumla 22 dBm. Umbali wa sentimita 50, upotevu wa angani ni desibeli 64. Antena yako inarudisha 20. Utarajie karibu −22 dBm. Ukiacha bodi itume kwa mafungu ya asilimia 15, unapoteza desibeli 8 nyingine na kufika −30, ambapo sensa nyingi za diodi zinaanza kuzama kwenye kelele. Kwa hiyo iweke kwenye hali ya wimbi mfululizo, masafa yasiyobadilika, njia moja ya kutuma. Iache ipate joto mpaka usomaji utulie, sifurisha sensa bodi ikiwa imezimwa, ndipo upime.

Kupata W/m², gawanya nguvu iliyopokewa kwa eneo faafu la antena, Gλ² ÷ 4π, ambapo G ni ukuzaji wake (20 dBi ni mara 100). Kwa 20 dBi ni takriban sentimita 1.2 za mraba. −22 dBm ni mikrowati 6.3, kwa hiyo jibu ni kama 0.05 W/m². Rudia kwa sentimita 40, 60, 80 na 100. Umbali ukiongezeka mara mbili usomaji unapaswa kushuka desibeli 6. Usiposhuka hivyo, meza au ukuta unaakisi. Weka sponji ya kufyonza mawimbi nyuma na chini. Mkao wa antena nao ni muhimu: ukiizungusha nyuzi 90 kimakosa, usomaji unaporomoka kwa desibeli 20 au zaidi.

hesabu_kwanza:

Ukipata kipande cha bampa cha plastiki, pima hasara yake kivyake: usomaji bila kipande, kisha nacho, tofauti ndiyo hasara. Kisogeze kwa hatua za nusu milimita hadi milimita 2 kisha uchukue wastani, maana wimbi linaloakisiwa kati ya kipande na bodi hupandisha na kushusha usomaji kila milimita 1.95. Usibandue bampa la gari la mtu, na usibandike kitu mbele ya rada yake: pembe ikihama kidogo tu, rada inahitaji kurekebishwa upya na fundi mwenye vifaa.